Macho ya Asuman Lokule

Mume wangu alikuwa anatazama mavi ya watu. Nasema hivyo hivyo, sizunguki, maana miaka ishirini na zaidi nimewasikia watu wakizunguka. "Mzee yuko maabara." "Bwana wako ni mtu wa darubini." Mavi! Ndiyo yaliyotulisha, ndiyo yaliyowavalisha watoto wetu sare ya shule pale Mvara, na mimi sioni haya. Haya waone wale waliokuwa wakimletea kopo wamelifunga kwa vitambaa vitatu, utadhani ni zawadi ya harusi.

Jina lake Asuman Lokule, mzaliwa wa Kuluba, Koboko. Baba yake alikuwa askari wa Mwingereza, na yeye akaingia jeshini bado hajaota ndevu, wakamweka hospitali ya jeshi kuosha vioo vya darubini. Siku moja daktari wao akamwona ameinama kwenye darubini bila ruhusa. Akataka kumpiga, halafu akamwuliza ameona nini. Asuman akamwambia. Kumbe aliona kitu ambacho daktari mwenyewe alikuwa amekipita. Tangu siku hiyo hakuosha vioo tena. Kabla ya uhuru alizunguka West Nile nzima na watu wa malale, kijiji kwa kijiji, akimtafuta mdudu katika damu ya watu.

Mtu mwenye macho ya namna ile ni taabu kuishi naye, msione hivi. Nikichambua mchele, yeye yuko mlangoni: "Poni, jiwe hilo." Chawa kwenye kichwa cha mtoto anamwona mtoto akiwa bado anakuja. Nilipaka wanja kombo siku ya Idi akacheka mpaka nikalia. Lakini mtu mpole. Mimi ndiye mwenye mdomo, yeye ana macho, Mungu aligawa.

Mwaka wa 1975 hospitali ya Arua ilikuwa hospitali kwa jina. Taa ya darubini iliungua na nyingine haikupatikana, basi Asuman akawa anaiweka darubini dirishani na kulivuta jua kwa kioo kidogo kilicho chini yake. Wingu likipita, kazi inasimama. Makopo ya kuletea choo yalikuwa ya rangi ya viatu, kutoka kambini. Jeshi lilikosa sukari lakini rangi ya viatu halikukosa. Muuguzi Natalina, mwanamke wa Kilugbara asiyejua kucheka, aliyachemsha, akayakausha juani na kuwagawia wagonjwa.

Hapo ndipo akaja Daktari Enoch Andama, kijana wa Aroi, mwembamba, anayetembea kama anachelewa mazishi. Alikuwa na utafiti wake kichwani. Huku kwetu mtu akihara damu jibu lilikuwa moja: amiba. Anapewa dawa ya amiba. Asipopona anapewa tena. Asipopona anapewa tena, mpaka anazikwa. Enoch akasema wengine kati ya hao hawana amiba hata mmoja. Wana ugonjwa mwingine wa utumbo mpana, ambao vitabu vya Wazungu vilisema Mwafrika haugui. Alinieleza mwenyewe akinywa chai kwangu: "Mama Wani, ni kama askari wa mwili wamegeuka, wanapiga raia wao." Nikamwambia apunguze sauti. Mwaka ule, nchi ikiwa mkononi mwa jeshi, mfano wa namna hiyo haukusemwa karibu na dirisha.

Dawa ya ugonjwa huo ni vidonge vya prednisoloni, ambavyo huwalaza hao askari. Na hatari iko hapo hapo. Kama mtu ana amiba, ukiwalaza askari wake, amiba wanakula utumbo mpaka unatoboka, na siku chache tu mtu huyo amekwenda. Na kama hana amiba, ukimnyima vidonge, damu inamwishia. Enoch alikuwa na bomba lenye taa la kutazama ndani ya utumbo, lakini vidonda vya ugonjwa huu na vya ule alisema vinafanana mno. Kwa hiyo aliweka sharti: makopo matatu, asubuhi tatu, choo kikiwa bado na joto la mwili, kitazamwe na Asuman. Asuman akisema hakuna amiba, jina linaandikwa katika daftari la utafiti na vidonge vinaanza. Neno la mume wangu, basi.

Mwezi wa tano akaletwa Sadiya kutoka Koboko, mke wa Luteni Abiriga. Msichana wa miaka ishirini, mwili umeisha, macho tu na meno. Zahanati ya kwao walimpa dawa ya amiba mara mbili, nusu nusu, kwa sababu dawa yenyewe iliwaishia. Aliletwa na mama yake, Madinah, Mnubi wa sawasawa. Ninyi mnawajua Wanubi wa Koboko kwa usafi? Yule aliwapita wote. Alifukiza udi kwenye wodi mpaka wagonjwa wengine wakakohoa. Alifua shuka la mtoto wake mara tatu kwa siku. Natalina alipomkemea kuhusu moshi, Madinah akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akasema, "Dada, mimi kwetu hata mbuzi wanaoga."

Kopo la kwanza likaja. Asuman akatazama. Hakuna amiba. La pili, hakuna. La tatu, hakuna. Enoch alifurahi, unajua vijana, akaandika jina katika daftari: mtu wa kumi na mbili. Alhamisi asubuhi Sadiya akaanza vidonge. Makopo yakaendelea kuja kila siku, ili daktari aone kama damu inapungua.

Alhamisi hiyo Asuman alirudi mchana, akakaa mbele ya chakula, akakitazama. Nilikuwa nimepika maharage na kisamvu, anavyopenda.

"Baba Wani, una nini?"

"Sina kitu."

"Huna kitu na hujanawa mikono? Sema."

Akanyamaza. Mimi nikamnyamazia pia, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu kuliko kulima. Mwishowe akasema, "Poni, nadhani macho yangu yanakufa."

Akaniambia kwamba katika choo cha mtu yeyote, mgonjwa au mzima, kuna vitu vinatembea. Vidogo sana, visivyo na madhara, lakini vinatembea, vinacheza, huo ndio uhai wa tumbo. Katika makopo ya yule msichana hakuna kilichocheza. Damu anaiona, usaha anauona, lakini kila kitu kimelala. Kopo la kwanza alidhani ni wingu limepita juani. La pili akafuta kioo. La tatu akaogopa. Alikuwa na miaka hamsini, na aliwahi kuona wazee wa kazi ile wanavyoanza: kwanza hawaoni kinachotembea, kisha hawaoni kilichosimama.

"Na hukumwambia daktari?"

"Ningemwambia nini? Kwamba ameandika watu kumi na mbili kwa macho ya kipofu?"

Hapo nilipandwa na hasira, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo hakitamuumbua yeye, kitamuumbua mtoto wa watu! Alikubali kumwambia Enoch kesho yake asubuhi. Chakula hakula. Mimi pia nilikaa na sahani yangu mapajani mpaka ikapoa.

Ijumaa nilitangulia mimi. Sikuwa na mpango wowote, nilibeba uji tu, nikasema nimwone huyo msichana kwa macho yangu mimi ambayo si ya darubini. Nikamkuta amelala, mkono juu ya tumbo. Mama yake hakuwepo kitandani. Nikamfuata nje, kwenye bomba la maji.

Madinah alikuwa amechuchumaa, kopo la rangi ya viatu mkononi, analisugua kwa majivu. Lile kopo Natalina alishalichemsha! Akalisugua nje, ndani, kwenye ukingo, akalisuuza. Halafu akatoa chupa chini ya kanga yake. Ile dawa ya maji ya kahawia, kali, ya kuua vidudu, ambayo ukiitia maji inageuka nyeupe kama maziwa. Mwaka ule ilikuwa haionekani popote. Akamimina kifuniko kizima ndani ya kopo, akatikisa, akaiacha humo humo.

"Mama Sadiya," nikasema, polepole sana, "unafanya nini?"

Akafurahi kuniona. "Ah, Mama Wani! Natengeneza ya leo. Mimi si mtu wa kupeleka uchafu mbele ya daktari. Naweka dawa chini, kisha choo, kisha na juu naweka kidogo. Bwana yako mtu mzima, naheshimu yeye, asishike pua." Akaipapasa ile chupa. "Abiriga alileta hii kutoka kambini, ya kuosha mgonjwa. Yangu yote inaisha katika kopo, lakini basi. Usafi ni sehemu ya imani."

Jamani. Mwanamke yule alikuwa na chupa moja katika dunia nzima na aliimalizia kwa kumstahi mume wangu. Kila kiumbe katika choo cha mwanawe alikuwa amekiua yeye, kwa adabu, kabla hakijafika dirishani kwa Asuman. Nilitaka kupiga yowe. Nikamwambia ni vizuri, dada, Mungu akuzidishie, nikaondoka nikitembea, na nilipopita kona nikakimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, kanga mkononi.

Asuman na Enoch walikuwa wamesimama maabara, nyuso zao kama za watu waliofiwa, maana alikuwa ameshamwambia habari za macho. Nikasema yote kwa pumzi moja. Enoch akakaa juu ya ndoo.

Asuman alichukua kopo jingine kavu na kumtuma Natalina aende mwenyewe, amshike Sadiya mwenyewe, asimpe mtu mwingine hilo kopo. Natalina alilirudisha limefunikwa, amelibana kwapani chini ya sweta lisipoe. Asuman akachovya kijiti, akapaka kwenye kioo, akaligeuza jua. Mimi nilisimama nyuma yake, nasikia anavyopumua.

"Njoo," akasema. "Poni, njoo utazame."

Miaka yote hiyo sikuwahi kutazama. Niliinama. Mwanzo niliona kope zangu tu. Halafu nikaona: kitu kama tone la uji, kinatoa mguu, kinajivuta, na ndani yake vidoa vyekundu. Damu ya Sadiya, ndani ya tumbo la kitu hicho. Kulikuwa na kingine, na kingine. Na nyuma yangu mume wangu analia. "Amiba wazima," anasema, "Poni, macho yangu ni mazima!" Msichana anakufa wodini na mtu huyu anacheka na kulia. Sikumlaumu. Na mimi nilifurahi, Mungu anisamehe.

Vidonge vikasimamishwa saa ile ile, akaanza sindano na dawa ya amiba. Lakini alishakula vidonge vya siku moja na asubuhi moja, na utumbo wake ulikuwa umechoka tangu zamani. Enoch alisema kama utatoboka, utatoboka ndani ya siku tatu, nne, na hapa hatuna wa kumpasua. Kazi yetu ni kushika tumbo. Tumbo likiwa laini, kuna matumaini. Likikaza kama ubao, basi.

Siku tatu zile sijui nilizipitaje. Enoch alilishika tumbo kila saa. Natalina akilishika. Mimi nilienda asubuhi na jioni, nikafika mahali nikawa naogopa kuuliza, natazama tu uso wa Natalina, na uso ule ulikuwa hauna habari hata siku za furaha. Madinah alituona tunavyohangaika, akauliza kuna nini, akaambiwa dawa imebadilishwa. Aliendelea kufua.

Jumapili tumbo likaanza kujaa. Na Jumapili hiyo hiyo, adhuhuri, Abiriga akaja.

Alikuja na gari la jeshi na askari wawili, akaingia wodini na viatu vyake vinang'aa. Alimtazama mkewe. Akamtazama Enoch. Mtu fulani, sijui nani, alikuwa ameshamfikishia kwamba dawa ilikosewa.

"Nani alisema mke yangu hana vidudu?"

Wenye watoto waliwavuta chini ya vitanda. Mnaikumbuka miaka ile, sina haja ya kuwaeleza mtu aliyeingizwa kwenye gari la namna ile alirudi vipi, au kama alirudi. Enoch akafungua kinywa aseme. Ningemlaumuje? Ukweli ulikuwa pale pale, umesimama kando ya kitanda na chupa ya dawa chini ya kanga. Mama mkwe wake. Na chupa aliileta yeye mwenyewe Abiriga.

Niliona Asuman anamtazama Madinah. Mama huyo alikuwa anakunja shuka, amelishika kifuani, anamngoja mkwewe ampate huyo mbaya aliyetaka kumwua mwanawe. Hakujua. Hakuwa na habari hata kidogo.

Asuman akamkanyaga Enoch mguu, akasogea mbele. "Ni mimi, afande. Mimi ndiye mtu wa darubini. Macho yangu yamezeeka, nilificha. Daktari hakujua."

"Mguu sawa!" akafoka Abiriga, na mzee wangu akasimama mguu sawa, visigino pamoja, kama zamani. Abiriga akarudi nyuma mpaka mlangoni, akainua mkono. "Vidole ngapi?"

Vitatu. Mimi niliviona, na mimi macho yangu ni ya kupikia. Asuman angeweza kumhesabia mpaka vinyweleo vya kidole. Alikunja uso, akapepesa macho, akanyoosha shingo kama kobe.

"Viwili, afande." Akatulia. "Au vinne."

Mmoja wa wale askari akacheka, na Abiriga naye, alipomwona mwenziwe anacheka, hasira ikamtoka kidogo kidogo, maana utampigaje mtu wa namna ile? "Kipofu kabisa," akasema. "Hii Uganda! Kipofu ndiyo iko natazama vidudu." Akamwambia Enoch kwamba akisikia mzee huyu amegusa tena chombo kile, atakuja na gari kubwa zaidi. Akamwekea mkewe mkono kwenye paji la uso, akaondoka.

Madinah alipita mbele yetu, akamtemea Asuman mate karibu na kiatu. Nilijikaza mpaka nikang'ata ulimi.

Jumatatu tumbo la Sadiya lilikuwa vile vile. Jumanne lilikuwa laini. Jumatano aliomba chai, na Natalina akacheka, nasema kweli, meno yote nje. Enoch akachukua daftari lake, akafuta jina la kumi na mbili, akaandika ukurasa mzima: kopo lisitoke mkononi mwa muuguzi, lisioshwe na mtu wa nyumbani. Akatuita, akasema yeye yuko tayari kwenda kwa wakubwa, kusema ukweli, Asuman arudi dirishani. Asuman akamwuliza, "Na yule mama utamwambia nini? Kwamba alikuwa anamwua mtoto wake kwa usafi?" Asuman akamwapisha asiseme. Akaniapisha na mimi. Mimi! Kwa Mwenyezi Mungu, nisitamke maadamu Madinah yu hai, na leo nasema kwa kuwa ametangulia.

Hospitali wakamweka Asuman getini. Mtu aliyekuwa anamwona mdudu wa malale katika tone la damu, kazi yake ikawa kufungua lango. Mwaka uliofuata tukarudi Kuluba kulima muhogo. Enoch akavuka mpaka kama wengi walivyovuka, na daftari lake, na kama lilisomwa na mtu sijui. Nilimgombeza Asuman kila siku. Nilimwambia ametoa macho yake kwa mtu aliyemtemea mate. Yeye akilima, anasema, "Poni, jiwe hilo, angalia jembe."

Mwaka wa 1978 Sadiya alijifungua mtoto wa kike. Akatualika Koboko kwenye akika, yeye mwenyewe alituma mtu, mara mbili, maana hakuwa na kinyongo na yeyote. Sikutaka kwenda. Asuman akavaa kanzu, akasema anakwenda.

Ua ulikuwa umejaa watu, mikeka, masinia. Madinah alituona tangu langoni, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona. "Poni! Mshike huyo kipofu yako asikanyage pilau ya watu! Ndiye huyu jamani, ndiye alitaka kumaliza mtoto wangu!" Watu wakageuka, wakacheka, si kwa ubaya, vile watu wanavyocheka wameshiba. Lo! Mdomo wangu ulishafunguka. Miaka mitatu yote ilikuwa imejaa humo ndani, kopo, majivu, chupa, yote.

Asuman akaninyooshea mkono. Hakunitazama. Alikuwa ametazama juu kidogo, kwenye anga, kama wanavyotazama vipofu, na mguu wake ulikuwa unapapasa chini kabla ya kukanyaga. Nikafunga mdomo. Nikamshika. Tukapita katikati ya mikeka polepole, watu wakivuta sahani zao, Madinah akituelekeza kwa sauti, kulia, kushoto, hapo kuna jiko. Nilikuwa nalia, na watu wakadhani ni aibu.

Tukafika kwa Sadiya. Amenenepa, mtoto mapajani, akambusu Asuman mkono. Tulipoketi mkekani, mume wangu akaniinamia sikioni.

"Poni, mtoto ana upele nyuma ya sikio la kushoto. Unaanza tu. Mwambie mama yake asipake wanja hapo, apake mafuta. Usiseme ni mimi."

Nikaenda, nikamwambia Sadiya kwamba nimeuona mimi.